Mtungi, Jasho na Watani wa Jadi: Asili ya Vinywaji vya Wanamichezo

Kinywaji cha wanamichezo, yaani maji yaliyotiwa chumvi, sukari na ladha ya matunda kwa ajili ya mtu anayetokwa na jasho jingi, kinauzwa leo katika maduka ya karibu kila mji mkubwa duniani, lakini chimbuko la kile kilichotangulia kupata umaarufu huo halimo kiwandani wala katika michezo ya kulipwa, bali limo katika vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani, ambako jua kali, wanafunzi waliovaa mavazi mazito na ushindani wa miaka mingi kati ya chuo na chuo vilikutana katikati ya karne ya 20. Sayansi iliyomo ndani ya chupa hiyo ni ya kweli, tena si ngumu kueleweka. Hata hivyo, umaarufu wake haukuletwa na sayansi peke yake, kwa sababu kilichoubeba kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni hamu ya kila chuo kumshinda jirani yake, na pasipo kuichunguza hamu hiyo haiwezekani kueleza kwa nini maji ya chumvi yaliyokorogwa na madaktari wa figo yaligeuka kuwa biashara ya mabilioni ya dola.

Ushindani wa vyuo ulianzia majini kabla ya kufika uwanjani. Huko Uingereza, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilishindana kupiga makasia kwa mara ya kwanza mwaka 1829, na Wamarekani wakaifuata desturi hiyo tarehe 3 Agosti 1852, siku ambayo wanafunzi wa Harvard waliwashinda wenzao wa Yale katika Ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, kwenye shindano linalohesabiwa kuwa la kwanza la michezo kati ya vyuo viwili nchini humo. Gharama za wanafunzi hao zilibebwa na kampuni ya reli iliyotaka watu wapande treni zake kwenda kulitembelea ziwa. Kwa hiyo biashara haikuivamia michezo ya vyuo katika zama za televisheni, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyolipa nauli. Miaka 17 baadaye, tarehe 6 Novemba 1869, timu za Rutgers na Princeton zilikutana mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey, katika mchezo uliofanana zaidi na soka, na Rutgers wakashinda kwa mabao 6 kwa 4. Kutokana na mchezo huo, baada ya kanuni kubadilishwa mara nyingi, ulitokea mpira wa Kimarekani wa leo, ambao wachezaji 11 wa kila upande hugombania kwa mikono mpira wenye umbo la yai, wakikabana kwa nguvu za mwili mzima, huku wamevaa helmeti na pedi nene za mabega zinazozuia joto la mwili kutoka.

Kusini mwa Marekani ushindani huo ulikita mizizi kwa sababu zake za kihistoria. Majimbo ya Georgia na Florida hayakuwa na timu kubwa za kulipwa zilizodumu kabla ya mwaka 1966, mwaka ambao Atlanta Falcons na Miami Dolphins zilianza kucheza, na kwa muda mrefu timu ya chuo ndiyo iliyobeba heshima ya jimbo zima, hata kwa wakulima na mafundi ambao hawakuwahi kukanyaga darasa la chuo kikuu. Katika Florida kwenyewe, sheria ya mwaka 1905 iliwagawa wanafunzi kwa jinsia na kwa rangi: wanaume weupe walipelekwa Gainesville, kwenye Chuo Kikuu cha Florida; wanawake weupe walipelekwa Tallahassee; na Waamerika weusi wakawekewa chuo chao, ambacho leo kinaitwa Florida A&M, hukohuko Tallahassee. Mwaka 1947, baada ya askari kurudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na kuhitaji nafasi za masomo, chuo cha Gainesville kilianza kupokea wanawake, na chuo cha wanawake cha Tallahassee kilianza kupokea wanaume, kikabadilishwa jina kuwa Florida State University. Wakubwa wa Gainesville hawakuona faida ya kucheza na chuo kichanga kama hicho, na ilihitajika shinikizo la wanasiasa wa jimbo ndipo mechi ya kwanza ikachezwa mwaka 1958, Florida wakashinda kwa pointi 21 kwa 7. Tangu hapo vyuo hivyo viwili vimekuwa watani wa jadi kama Simba na Yanga walivyo Dar es Salaam, na matokeo ya siku moja yanaweza kuamua hali ya nyumba mwaka mzima.

Haifai kuisimulia historia hiyo bila kutaja ushindani uliozuiwa. Timu ya Florida A&M chini ya kocha Jake Gaither ilikuwa miongoni mwa timu bora za vyuo vya Waamerika weusi, nayo ilifanya mazoezi chini ya jua lilelile, lakini ubaguzi wa rangi uliinyima nafasi ya kukutana na jirani zake weupe, na haikucheza na chuo cha weupe wengi hadi Novemba 1969, ilipoishinda timu ya Tampa kwa pointi 34 kwa 28. Timu ya Gainesville nayo haikusajili mchezaji mweusi hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa sababu hiyo, kinywaji kilichokuja kuuzwa kwa watu wa rangi zote duniani kilijaribiwa kwanza katika timu ambayo kijana mweusi wa Florida hakuruhusiwa kuichezea, na ukweli huo unastahili nafasi katika kila maelezo ya asili yake.

Uhusiano wa maji ya kunywa na ushindani wa vyuo ulikuwapo hata kabla ya madaktari kuingia uwanjani. Mwaka 1903 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyokuwa imecheza mechi 29 mfululizo bila kufungwa wala kutoka sare, ilisafiri hadi Minneapolis kucheza na Minnesota, na kocha wake Fielding Yost, asiyeyaamini maji ya wenyeji, akamtuma mwanafunzi aliyesimamia vifaa vya timu kununua mtungi kwa senti 30 ili wachezaji wawe na maji yao wenyewe. Wapo wanaosimulia kwamba Yost alihofia hila za wapinzani, na wapo wanaoona kwamba alitaka maji safi tu. Lililo wazi ni kwamba tarehe 31 Oktoba mechi iliisha kwa sare ya 6 kwa 6, mashabiki wa Minnesota wakafurika uwanjani kwa furaha, na Michigan wakaondoka wakiusahau mtungi. Wenyeji waliuokota, wakauhifadhi, na baadaye wakawaambia wageni wao kwamba anayeutaka aje aushinde. Michigan waliushinda mwaka 1909, na hadi leo timu hizo mbili hushindania mtungi huohuo, unaotajwa kuwa miongoni mwa tuzo kongwe kabisa za watani wa jadi katika michezo ya vyuo vya Marekani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika miongo iliyofuata makocha wengi walichukulia kiu kuwa kipimo cha ushujaa, wakiamini kwamba mchezaji anayekunywa maji katikati ya mazoezi ni dhaifu au ataumwa na tumbo. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Septemba 1954, ambapo kocha Paul Bryant wa Texas A&M aliwapeleka wachezaji wake katika mji mdogo wa Junction, jimbo la Texas, wakati wa ukame na joto kali, akawafanyisha mazoezi kwa siku kadhaa bila maji ya kunywa uwanjani, hata wengi wao wakatoroka usiku. Wapo wanaoisifu kambi hiyo kuwa ilijenga wanaume. Sifa hiyo haina msingi wa kitabibu, kwa kuwa mwili wa binadamu hauwezi kuzoezwa kuishi bila maji, na haina msingi wa kimichezo pia, kwa kuwa msimu uliofuata timu hiyo ilishinda mechi moja tu kati ya 10.

Katika mazingira hayo ndipo swali la Dewayne Douglas lilipokuja kuwa na uzito. Douglas, aliyewahi kuichezea timu ya Florida na ambaye mwaka 1965 alikuwa kocha msaidizi, alimuuliza Robert Cade, bingwa wa magonjwa ya figo katika kitivo cha tiba cha chuo hicho, kwa nini wachezaji hawaendi haja ndogo baada ya mechi hata wakiwa wamekunywa maji, na kwa nini baadhi yao hupungua kiasi cha kilo 8 katika mchezo mmoja. Jibu la swali la kwanza halikumsumbua daktari wa figo. Jasho linapotoka kwa wingi, kiasi cha maji katika damu hushuka, na ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo ziyabakize maji yaliyosalia, hivyo mkojo hukauka. Ila Cade na wenzake watatu waliokuwa wakifanya utafiti pamoja naye, Dana Shires, James Free na Alejandro de Quesada, hawakutosheka na jibu la kukisia, wakaomba ruhusa ya kuwapima wachezaji wenyewe kabla na baada ya mazoezi.

Kocha mkuu Ray Graves alikubali, kwa sharti kwamba wapimwe wanafunzi wa mwaka wa kwanza na si wachezaji wake wakuu. Vipimo vilionyesha mambo matatu kwa pamoja: uwiano wa chumvi mwilini ulikuwa umevurugika, sukari ya damu ilikuwa imeshuka, na ujazo wa damu yenyewe ulikuwa umepungua. Maji matupu yangeweza kusaidia sehemu tu ya hali hiyo, kwani jasho haliondoki na maji peke yake, bali huondoka pia na elektrolaiti, yaani madini kama sodiamu na potasiamu ambayo yakiyeyuka hubeba chaji za umeme na kuiwezesha misuli na mishipa ya fahamu kufanya kazi. Madaktari hao walichanganya maji, chumvi na sukari, wakapata kitu ambacho, kwa maelezo ya Cade mwenyewe, hakikunyweka, hadi mkewe Mary aliposhauri kitiwe maji ya limau.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha namna ushindani ulivyoifanyia sayansi kazi ambayo maabara isingeweza kuifanya. Kinywaji kilijaribiwa katika mechi ya mazoezi kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wachezaji wa akiba wa timu kubwa, na vijana hao, waliokuwa wakizidiwa katika nusu ya kwanza, wakawashinda wakubwa wao katika nusu ya pili wenzao walipoishiwa nguvu. Graves aliomba kingine kitengenezwe mara moja kwa ajili ya mechi ya siku iliyofuata, na tarehe 2 Oktoba 1965, katika joto lililokaribia nyuzi 39 za Selsiasi, timu yake iliwafunga Louisiana State University, maarufu kama LSU, kwa pointi 14 kwa 7. Timu ya Florida hujulikana kwa jina la Gators, yaani mamba wa Kimarekani, na kinywaji chake kikaitwa Gatorade. Msimu uliofuata, mechi ya Orange Bowl iliyochezwa Miami mwezi Januari 1967 ilipoisha kwa Florida kuwafunga Georgia Tech pointi 27 kwa 12, kocha wa walioshindwa, Bobby Dodd, aliwaambia waandishi kwamba tofauti ilikuwa kinywaji hicho. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kulingana na ushuhuda wa namna hiyo kutoka kinywani mwa mpinzani.

Jirani nao hawakukubali kuwa nyuma. Wapenzi wa LSU hukumbusha kwamba mtunza afya ya wachezaji wa timu yao, Martin Broussard, alikuwa akiwakorogea wachezaji kinywaji cha aina hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kikiitwa Bengal Punch kwa heshima ya chui-milia ambaye ni nembo ya timu hiyo, na huko Tallahassee pia yapo madai kwamba Florida State walikuwa na mchanganyiko wao kabla ya mwaka 1965. Madai hayo yasipuuzwe kwa kuwa yanatoka kwa mahasimu, maana wazo la kuyatia maji chumvi au sukari halikuwa geni: miaka ya 1920 madaktari wa Boston walikwisha kuonyesha kwamba wakimbiaji wa marathoni wanamaliza mbio wakiwa na sukari ndogo katika damu, na kwamba kula peremende njiani huwasaidia, na huko Newcastle, Uingereza, mwaka 1927 mfamasia mmoja alikwisha kutengeneza kinywaji cha glukosi kwa ajili ya wagonjwa, ambacho baadaye kiliitwa Lucozade. Kilichowatofautisha madaktari wa Gainesville ni kwamba walipima damu na jasho kwanza, ndipo wakakoroga.

Ukweli wa kimichezo, hata hivyo, unadai tahadhari. Mwaka 1964, kabla ya kinywaji hicho kuwapo, Florida walishinda mechi 7 wakafungwa 3. Mwaka 1965, kinywaji kikiwapo, walishinda 7 wakafungwa 4. Mwaka 1966 walishinda 9 wakafungwa 2, lakini mwaka huo walikuwa na Steve Spurrier, aliyepata tuzo ya Heisman inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo nchini, na bado mahasimu wao wakubwa wa Chuo Kikuu cha Georgia waliwafunga pointi 27 kwa 10. Chumvi na sukari humsaidia mchezaji asiishiwe nguvu mapema. Hazimfundishi kupiga pasi. Waliofungwa walihitaji sababu isiyowaaibisha, walioshinda walifurahia kuwa na siri, na kati ya mahitaji hayo mawili hadithi ya kinywaji cha ajabu ilikua haraka kuliko ushahidi wake.

Fedha nazo zilizua ugomvi wake. Cade alieleza baadaye kwamba alianza kwa kukipeleka kinywaji kwa chuo chake na hakupokelewa, ndipo mwaka 1967 haki za kukitengeneza na kukiuza zikachukuliwa na Stokely-Van Camp, kampuni ya vyakula vya makopo ya Indianapolis. Mauzo yalipopanda, chuo kikakumbuka kwamba utafiti ulifanyika katika maabara zake, na serikali ya Marekani nayo ikakumbuka kwamba baadhi ya fedha zilikuwa zake. Ugomvi huo ulimalizwa kwa maridhiano mwaka 1973, chuo kikapewa asilimia 20 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye haki ya ubunifu hupata kutokana na kila kinachouzwa. Sehemu hiyo imekiletea Chuo Kikuu cha Florida zaidi ya dola milioni 250 kwa miaka yote, wakati kampuni yenyewe ilinunuliwa na Quaker Oats mwaka 1983, na Quaker ikanunuliwa na PepsiCo mwaka 2001. Cade alifariki mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 80.

Biashara ilipokua, ujumbe nao ulibadilika, na hapa ndipo msomaji wa kawaida anapopaswa kuwa macho. Katika miaka ya 1990 wakimbiaji walishauriwa wanywe kadiri wanavyoweza kustahimili, hata kabla ya kuhisi kiu, ilhali madaktari wa Afrika Kusini, akiwamo Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walikwisha kuandika mwaka 1985 kuhusu wakimbiaji wa masafa marefu waliougua kwa kunywa kupita kiasi, kiwango cha sodiamu katika damu yao kikashuka hadi ubongo ukavimba. Uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston, uliochapishwa mwaka 2005, uliwakuta asilimia 13 wakiwa na upungufu huo wa sodiamu, na kinywaji cha wanamichezo hakiwi kinga ya hatari hiyo, kwa kuwa chumvi yake ni ndogo kuliko ya damu. Ushahidi mwingine unatoka Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako uchunguzi wa wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata katika chakula ilitokana na wanga na sukari, na kwamba vinywaji vyao vikuu kambini vilikuwa maji na chai ya maziwa. Siku ya mashindano makubwa ni jambo jingine, na mabingwa wa leo huwekewa chupa zao maalumu kando ya barabara, kwa sababu mtu anayekimbia kilomita 42 kwa kasi ya dunia anaitumia sukari hiyo kwelikweli.

Sayansi ileile ya chumvi na sukari ilipata kazi kubwa zaidi mbali na viwanja. Mwaka 1960 mwanabiokemia Robert Crane alieleza mjini Prague kwamba ukuta wa utumbo hufyonza sodiamu na glukosi kwa pamoja, kila moja ikiisaidia nyingine kupita, na maji huzifuata. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash waliutumia ujuzi huo kuwatibu wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwapa maji ya aina hiyo wakimbizi wa vita vya Bangladesh katika kambi ya Bangaon, nchini India, vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Dawa hiyo ndiyo ORS, ile pakiti ya unga inayotolewa katika zahanati za Afrika Mashariki, nayo haikuzaliwa na ushindani wowote, haikuimbiwa na mashabiki, wala jina la Mahalanabis halijulikani kama la kocha wa timu ya daraja la kwanza, ingawa waliookolewa na kazi yake ni mamilioni.

Vitu hivyo viwili havibadilishani nafasi. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi, wakati kinywaji cha kawaida cha wanamichezo kina karibu gramu 60 za sukari kwa lita, zaidi ya mara nne, na sodiamu yake ni kama robo tu ya ile ya ORS; mtoto anayeharisha akipewa kinywaji hicho, sukari nyingi inaweza kuyavuta maji zaidi kuelekea utumboni na kuzidisha kuharisha. Anayefanya mazoezi kwa muda usiozidi saa moja anatoshwa na maji safi na mlo wake wa kawaida. Mzazi mwenye mtoto anayeharisha aache chupa ya rangi dukani, atafute ORS, aikoroge katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, amnyweshe mtoto kidogokidogo, na amfikishe kituo cha afya mapema.